Baba na Mkojo Wangu wa Kwanza

Dorcas, niko nyuma ya nyumba na sirudi ndani. Baba ameshika maiki kwenye mahafali yangu, akawasimulia wazazi wa Precious, mchumba wangu, habari za mkojo wangu. MKOJO WANGU, Dorcas!

Ni mwaka tisini na sita, hapa hapa Mabatini. Mama ana mimba yangu na sukari imempanda. Daktari akamwambia Baba kwamba sukari ya mama ikizidi, figo za mtoto huenda zisikue vizuri tumboni. "Akizaliwa, angalieni kama anakojoa."

Baba akashika hilo tu. Shangazi Kabula akaja kutoka Magu kumwona mjamzito, na kilo mbili za sukari kama ilivyo desturi. Baba akamzuia mlangoni: "Dada, unataka kunimalizia mtoto?" Shangazi alinuna mwezi mzima!

Nikazaliwa. Asubuhi hakuna kitu. Mchana hakuna kitu. Baba anafunua nepi kila dakika. Nesi anamfukuza, anarudi.

Jioni Shangazi akanipakata, amevaa kitenge chake kipya. Mara yowe: "Yesu wangu, amenikojolea!"

Baba akamrukia, akamkumbatia hivyo hivyo alivyolowa: "Kakojoa! Dada, kakojoa!" Wodi nzima vigelegele.

Wakwe wamecheka mpaka wanajifuta machozi. Nami nilikuwa nacheka kwa aibu, hadi Baba aliposema, "Siku ile sikuomba awe msomi. Niliomba akojoe tu."

Hapo ndipo nilipokimbia, Dorcas. Nimelowesha tai yote kwa machozi.