Ng'ombe Uliomtajia Mtu wa Kitabu

Mama Ansgar,

Mzee Telesphori ameongeza mahari ya binti yake. Alikuja asubuhi wewe uko kanisani. "Mkwe, kumbe una ng'ombe ishirini kule Samuye, na mimi unanililia njaa." Kaambiwa na yule mtu wa kampuni ya kitabu cha anwani, uliyemkaribisha juzi ukamjibu kila alichouliza. Kitabu cha anwani kinataka jina na mtaa. Ng'ombe wetu wanamhusu nini? Tena ukamtajia na wale kumi wa kaka yako, tunaomchungia tu.

Nakwenda kumleta kaka yako aseme mwenyewe. Maharage yako motoni, ongeza maji. Yule mtu akirudi ~~usimfungulie~~ mpe chai, ni mgeni. Maswali aniulize mimi.

Ansgar ataoa, usilie. Telesphori namjua, atashuka, ila si mpaka pale pa kwanza. Tulipatana wanane. Sasa anataka kumi na wawili, tutamaliza na kumi. Wetu ni kumi tu. Wawili tuliojibakizia ndio hao tunaowakamua.

Baba Ansgar