Sauti ya Baba Niliyoikana

Baba yangu mpendwa,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Mgongo wako waendeleaje? Na viazi vya shamba la chini, mvua ilivifikia? Mimi mwili hauna neno. Kinachoniuma ni jambo ambalo nimeona aibu kukuambia kwa simu.

Ule wimbo wako wa gitaa uliourekodi pale Kiirua baada ya kumzika Mama ukanitumia kwa simu, nilikuambia ulikataa kufunguka. Baba, ulifunguka. Niliusikiliza nusu nikauzima. Sauti yako ilipanda puani, ikakwaruza, ikakatika pale juu, nami nikaona haya kwa ajili ya baba yangu mzazi. Nilijiambia muziki wa country, huo wa gitaa wa Wamarekani unaoupenda, una wenyewe, wenye sauti laini.

Hapa kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi ninamtunza mzee mmoja aliyekuwa mfugaji kama wewe, na hana muziki mwingine ila country. Kila asubuhi nikimwogesha nilimwekea waimbaji wa sauti safi. Alisikiliza kidogo, kisha akageukia ukuta. Siku moja simu ikaruka yenyewe hadi kwenye wimbo wako. Mikono yangu ilikuwa na sabuni, sikuweza kuuzima. Mzee alitulia mpaka mwisho, akaniambia niurudie. Nikamweleza kwamba huyo anaimba Kimeru, hataelewa.

"Maneno siyaelewi," akasema, "lakini huyu hanidanganyi. Wale wengine wanaimba vizuri tu. Huyu sauti inamkatikia mahali panapouma. Ni nani?"

Nikamjibu kwamba simjui, ni mtu tu wa mtandaoni.

Tangu hapo akawa anamtaka "yule mtu" kila asubuhi, nami namwekea, uongo wangu umekaa kati yetu. Ndipo nikaanza kukusikia. Unapokwaruza ni pale unapotaja njia aliyorudia Mama kutoka sokoni. Ungeimba hapo kwa ulaini, ningepita bila kujua umepoteza nini.

Wiki jana, nikimfunga vifungo vya shati, alinishika mkono. "Kendi," akasema, "huyo mtu anataja jina lako mwishoni. Nimelisikia tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Nilikosa pa kuuweka uso. Nikamwambia ni baba yangu. Hakunikemea, na hilo lilinichoma zaidi. Aliuliza tu kama unajua kwamba anakusikiliza. Nikasema hujui. Akaniambia nimalizie vifungo.

Nisamehe, Baba. Sina la kujitetea.

Leo asubuhi mhudumu mwenzangu alipita mlangoni, akacheka kidogo, akauliza ni nani anayeimba hivyo. Mzee akanitazama. Uso uliniwaka, lakini nikajibu kwa nguvu mpaka wa chumba cha pili wakasikia: ni baba yangu, wa Kiirua.

Nisalimie Nyanya, kaka yangu anayekusaidia na mbuzi, na shangazi wa Ruiri anayekupikia Jumapili.

Ni mimi binti yako, bado nikiwa na haya,
Kendi