Betri ya Pili Uliyotuletea

Jadida, Wete,
Pemba.
12 Januari 2025

Mpendwa dada yangu Thuraiya,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Ridha na watoto, na kwamba baridi ya Maskati mwaka huu haikukuamshia tena kile kifua. Sisi huku hatujambo, na neno hilo safari hii nimelipima kabla ya kuliandika. Mama yako, shangazi yangu, yu hai, anakula, anasali, na amenituma nikusalimie. Nimelitanguliza hilo kwa sababu yanayofuata si mepesi, nawe nakujua, husoma mbio mbio.

Barua nampa Laila, binti wa jirani yetu, anayesafiri Alhamisi kuja huko kwa mumewe. Utajiuliza kwa nini nihangaike na karatasi na simu zipo. Utaona.

Nianze na ile betri ya pili uliyotuletea kwa meli. Ilifika salama Septemba, na kwa miezi miwili na ushei ilikuwa rehema tupu. Unajua kwamba kidonda cha mguu wa shangazi kilikuwa hakina budi kusafishwa hospitali ya Chake Chake kila Jumanne na Jumamosi, na kwamba gari za abiria zilimshinda, watu wakimkanyaga. Ndipo nikamwekea kiti kipana nyuma ya baskeli yangu ya umeme, chenye mgongo na pa kuegesha miguu. Lakini betri moja ilitufikisha Chake tu. Kurudi, njia nzima nilikanyaga kwa miguu yangu, nimempakia mama wa watu, milima yenyewe unaijua.

Betri yako ilipofika, Fundi Jaribu, yule mwenye karakana hapa Wete, alitutengenezea sanduku la bati chini ya kiti, betri mbili zikae bega kwa bega. Siku aliyonikabidhi alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, tumia moja moja. Ya kwanza ikisha, chomoa, chomeka ya pili. Usiziunge pamoja mpaka nikupatie swichi yake na waya mnene. Moja ikiwa imejaa na nyengine tupu, iliyojaa itajimwaga kwa mwenziwe kwa nguvu, na waya utawaka."

Dada, mie ni mwalimu wa sayansi. Somo la mkondo wa umeme nawafundisha watoto wa watu kila mwaka. Alichonambia Jaribu nilikuwa nakijua kabla hajafungua mdomo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, tarehe tatu Disemba. Tulitoka hospitali saa nane mchana, mbingu imefunga upande wa Wete, shangazi amechoka na hajala sawasawa. Betri ya kwanza ilikuwa imekwisha wakati wa kwenda. Yako ilikuwa imejaa, haijaguswa. Nikajisemea, zikivuta pamoja milima tutaipanda upesi, tutafika kabla ya mvua. Mkobani nilikuwa na waya wa maabara ya skuli, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Nikaziunga palepale uwanjani, nimechutama, shangazi kakaa juu ya benchi ananisubiri. Aliniuliza, "Leo mbona wachelewa?" Nikamwambia, "Tayari, shangazi."

Baskeli iliondoka kwa nguvu ambayo sijapata kuiona. Nilifurahi. Nakuandikia hili kwa sababu nataka ulijue: nilifurahi.

Tulikuwa hatujafika nusu ya njia nikasikia harufu ya plastiki. Nilidhani mtu anachoma taka. Tukapanda mlima, harufu ikapanda nasi. Shangazi akanigusa bega. "Hamzah, pananuka kama kanzu iliyosahauliwa chini ya pasi." Nikageuza kichwa, nikaona moshi mweusi unatoka chini ya kiti, karibu na mguu wake.

Nilisimama, nikamkamata kwapani nimteremshe. Hakuja. Mguu wake wa kulia, ule wa kidonda, ulikuwa umeegemea lile sanduku la bati njia nzima, na bendeji ilikuwa imegandana nalo. Bati lilikuwa limepata moto kama kikaango. Nami namvuta, nalia, nasema, "Shangazi, unaungua!" naye ananitazama kwa mshangao, uso umetulia kabisa. "Naungua wapi, mwanangu?"

Hakuwa akihisi kitu. Sukari ilikwisha kuuondoa uhai wa nyayo zile zamani. Daktari aliwahi kutuambia, nasi tulisikia kama watu wanavyosikia tangazo la redio ya jirani.

Kando ya barabara palikuwa na mwanamke anaanika karafuu, jina lake Mwanawema. Alikuja mbio na ndoo ya maji na kisu. Aliikata bendeji kwa kisu, akamwagia mguu maji ndoo nzima, akaita wenzake walete nyengine. Mie nilikuwa nahangaika kuitoa betri. Nilipoitupa kwenye mtaro ilipasuka, ukatoka moto wa rangi nisiyoijua, unazomea kama nyoka. Wanaume wawili wakaufukia kwa mchanga. Karafuu za Mwanawema zilikuwa zimetapakaa barabarani, watu wanazikanyaga, naye hata hakugeuka kuzitazama. Alikuwa amekipakata kichwa cha mama yako, anamsomea.

Gari ndogo ilitusimamia ikaturudisha Chake. Mvua ilitupata njiani.

Sasa nikwambie sehemu nzito kuliko hiyo. Ulipopiga simu siku ile ya Ijumaa ukauliza mbona sauti ya mama ina mwangwi, nikakujibu tuko kwenye nyumba mpya ya Yussuf, bado haina samani. Tulikuwa wodini. Ulipopiga Jumatatu nikakwambia amelala, alikuwa ameingizwa kusafishwa. Picha niliyokutumia siku ya harusi ya mtoto wa Moza, amekaa na kanga mpya, ilikuwa ya mwaka juzi. Mwezi mzima nimekudanganya, dada, na uongo mmoja ukizaa mwengine. Mke wangu Arwa alinisihi nikwambie. Nilimjibu subiri daktari aseme.

Daktari alisema siku ya sita. Jeraha la moto limeingia usaha, limekutana na kidonda cha zamani. Akatupa siku mbili. Usaha ukirudi nyuma, atakata vidole viwili. Ukipanda, atakata chini ya goti. Siku mbili zile nilikaa kwenye korido ya wodi nikiutazama mlango. Sikuweza kuingia. Kila aliyetoka na beseni nilimsoma usoni. Nilijiambia, wakikata mguu, Hamzah, utamwandikiaje mtoto wake? Kwa mkono gani?

Alhamdulillahi, usaha ulirudi nyuma. Vilikatwa vidole viwili vidogo vya mguu wa kulia. Mguu umebaki. Leo jeraha limekauka pembeni, bado katikati, na kwa msaada wa gongo anatoka chumbani mpaka barazani.

Ilikuwa barazani hapo, wiki iliyopita, aliponisikia nakwambia kwenye simu kwamba yuko kwa jirani. Alikuwa nyuma yangu. Alisubiri nikate, akasema, "Kumbe mie nimeungua mguu, wewe umeungua ulimi?"

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Aliichezea ncha ya buibui lake. Kisha akasema, "Mguu nimekusamehe siku ileile, maana ulikuwa wataka kuniwahisha nyumbani. Lakini mwanangu wa kumzaa kanililia mie kwenye simu, aniuliza mbona simpigii, nami nikidhani umekwisha mwambia. Hilo sikusamehe mpaka umwambie kweli. Na usimpigie. Kwa simu utapinda maneno. Mwandikie, uniletee niisikilize."

Nimemsomea yote haya. Alinikatisha mara moja tu, pale pa Mwanawema, akataka niongeze kwamba tulikwenda kumshukuru, na kwamba amekataa kulipwa hata punje ya karafuu zake.

Jaribu hakunisema. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Aliichukua baskeli, akaling'oa sanduku, akairudisha na betri moja mpya ndogo. Sasa ni ya kwendea skuli tu. Watoto wa darasa langu nimewaeleza kisa kizima, nikachora ubaoni betri mbili na waya mwembamba kati yao.

Jambo la mwisho ndilo utakalolifurahia, na mie linaniuma, nisikufiche. Miaka yote umemwomba mama aje kwako naye akikataa, akisema hawezi kuliacha kaburi la mzee wako. Juzi baada ya alasiri aliniita. "Mwandikie Thuraiya ntakwenda. Ntakaa kwake mpaka mguu upone." Kisha akauona uso wangu, akaongeza, "Sikukimbii wewe. Mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu. Lakini na yule naye ana haki ya kuuosha mguu wa mamake." Jana tulikwenda kupiga picha ya pasipoti. Fanya taratibu za huko upesi, ili ikiwezekana Ramadhani afuturu kwako.

Nisalimie shemeji Ridha, na mwambie asinionee haya kunisema akitaka. Wabusu watoto. Arwa anakusalimu sana, na Moza, na Yussuf, ambaye nyumba yake nimeisingizia kukosa samani na sasa anakudai uje uione.

Mungu akuhifadhi, akuongoze katika kunisamehe au kutonisamehe, na akukutanishe na mama yako katika heri. Siku utakayompokea uwanja wa ndege, nakuomba kitu kimoja. Usianze na mguu. Mbusu mkono, mtazame usoni, muulize safari, mwache akueleze habari za watu wote wa Jadida mpaka achoke. Mguu utauosha mkifika nyumbani. Na ukiuosha, maji yajaribu kwa mkono wako kwanza, kila siku, maana yeye hatakwambia kuwa ni ya moto.

Nduguyo anayekupenda na anayesubiri neno lako, lolote liwalo,

Hamzah