Makosa Arobaini na Moja

Bariadi,
4 Februari 2024

Baba mpendwa,

Mwadila, baba. Mhola? Mimi mzima, kasoro mafua ya vumbi la huku mjini. Mgongo wa mama unaendeleaje?

Mtihani wa Kiingereza ni Mei, na mwalimu wetu hapa chuoni ameshanikatia tamaa. Anasema naruka nyakati: sentensi hii jambo limekwisha, inayofuata bado linaendelea. Wewe umefundisha Kiingereza miaka thelathini, nikimbilie kwa nani mwingine? Jirani yetu Danford atakuletea insha yangu. Tuliambiwa tuandike tukio lililobadilisha maisha yetu, nami nimeandika kifo cha Mwandu. Usinionee huruma kwa sababu ni kaka yangu. Sahihisha.

Binti yako,
Kabula

Lalago,
19 Februari 2024

Binti yangu Kabula,

Salamu nyingi. Hatujambo, mama yako anapalilia hivyo hivyo kwa kujikongoja. Mvua inatuchungulia tu.

Makosa arobaini na moja, na yote ni ya vitenzi! Umeanza vizuri, "my brother came home", mara "he drinks", mara "he had fallen". Ng'ombe wako wametawanyika, mmoja huku mwingine kule. Unaposimulia jambo lililopita, chagua wakati uliopita ukae humo humo mpaka nukta ya mwisho. Kinachorudi nyuma zaidi ni kile tu kilichotangulia. Sheria unaijua, ila una haraka.

Mwandiko umekuwa mzuri. Nakili upya.

Baba yako,
Mwl. Machibya

Bariadi,
10 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mimi silali vizuri.

Nimenakili. Vitenzi vimekaa sawa, na sasa naona vizuri nilichoandika. Aya ya tatu, baba. Nimesema Mwandu alitoka shambani na kiu, akanywa chupa ya maji iliyokuwa dirishani, na kwamba asubuhi ile nilikuona ukichanganya dawa ya kuua wadudu wa pamba humo humo. Ukafuta "drinks", ukaweka "drank" kwa kalamu nyekundu. Sentensi hukuikata. Hukuniuliza lolote.

Miaka saba watu wanasema shangazi Minza ndiye aliyemroga. Dada yako wa tumbo moja! Alifukuzwa kijijini hata matanga hayajaisha, kwa kuwa macho yake ni mekundu kwa moshi wa jikoni. Wewe ulikuwepo, ukatazama chini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikanyamaza kwa sababu wewe umenyamaza. Yupo hapa Bariadi, kapanga chumba nyuma ya soko, anachambua mchele wa wafanyabiashara. Kifua kimembana na anataka afie kwao, lakini hawezi kukanyaga Lalago mpaka mtu aseme ukweli.

Ni kweli niliyoandika, au hilo nalo ni kosa?

Kabula

Lalago,
28 Aprili 2024

Kabula,

Huku tupo. Nimechelewa kujibu, nisamehe.

Si kosa. Nimekuandikia ukurasa mmoja, umo ndani ya bahasha hii. Kila kitu kimo: chupa, dawa, na maneno niliyoyameza siku ya msiba. Nimeuandika kwa Kiingereza kwa sababu hapa hakuna wa kuusoma. Hata mama yako akiukuta atadhani ni masomo yako. Kwa Kiswahili nilijaribu, mkono ukagoma. Kwa Kisukuma ndiyo kabisa, maana ndicho mama yako alichomlilia Mwandu.

Msomee Minza. Mwambie kaka yake anajuta sana. Mengine siyawezi.

Baba yako

Bariadi,
7 Mei 2024

Baba,

Salamu nazifupisha, kwa kuwa habari si njema. Shangazi alifariki Jumapili. Nilipiga simu yako tangu asubuhi, haikupatikana. Tumemzika jana kwenye makaburi ya huku mjini, watu sita, wanne kati yao majirani zake wa kupanga.

Ukurasa wako nilimsomea Ijumaa. Nilianza kwa Kiingereza kama ulivyoandika, akatabasamu, akasema, "Kaka yangu bado mwalimu." Kisha nikamgeuzia kwa Kisukuma, mstari kwa mstari. Hauna kosa hata moja, baba. Nilitafuta. Nilipomaliza aliuliza, "Watu wa Lalago wamesikia?" Nikamwambia bado. Akageukia ukutani. Baada ya hapo aliomba maji tu.

Mimi nimekukasirikia, na bado nakupenda, na sijui niviweke wapi vyote viwili.

Barua hii inakuja na basi la kesho. Danford atafika Jumamosi, naye ameubeba ukurasa wako. Nyuma yake nimeuandika wote kwa Kisukuma, na mama anasoma Biblia ya Kisukuma kila siku. Nimemwambia Danford aukabidhi mkononi mwake na si kwa mtu mwingine.

Una siku tatu za kumwambia wewe mwenyewe kwanza.

Binti yako,
Kabula