Jiko la Punje Linazimika, na Shangazi Amenisifu

Bi. Earline mpendwa wa ukurasa wa ushauri gazetini, naomba unishike mkono kabla Jumamosi haijafika, maana mimi ni mtu wa miaka hamsini na mbili niliyeshindwa na jiko dogo kuliko kreti ya soda. Ni jiko la kufukizia nyama, lile la punje za unga wa mbao ulioshindiliwa. Unazimimina sandukuni, parafujo ndefu inazunguka na kuzisukuma polepole hadi kwenye kikombe cha moto, feni inapuliza, na wewe unakaa tu. Kukaa nakuweza, Bi. Earline. Naweka kidari cha ng'ombe alfajiri, naketi kwenye kiti cha kukunja, moshi unatoka mwembamba, wa buluu, unavuka uzio kama mtu anayekwenda kusalimia majirani, nami macho yananilegea, naona uwanja mzima unaelea, ng'ombe wa jirani wanatembea hewani bila haraka, na marehemu baba yupo kule na ndoo yake, ananyunyizia kuni maji ili moshi uwe mzito, basi nainuka kama niliyeitwa, nazinyunyizia punje zangu kikombe kimoja cha maji, narudi kuketi. Nikizinduka, jiko limezimika.

Shemeji yangu Thurman, kaka yake mke wangu, hupita makusudi. "Shem, hilo jiko au redio? Mbona lina plagi?" Mke wangu Lorene naye hunitetea kwa namna yake: "Mwache, Thurman. Wenzake huangalia sinema, yeye huangalia moshi."

Sasa dhambi yenyewe. Pasaka lilizimika tena, nikaona aibu, nikapenyeza kidari kwa mlango wa nyuma, nikakimalizia kwenye oveni ya Lorene, nikatoka nacho nimekifunika foili kama niliyekesha nacho. Shangazi Ozella akatafuna, akafumba macho, akasema, "Huu ni mkono wa kaka yangu," akalia, na palepale akanikabidhi moto wa nyama wa Juni Kumi na Tisa, Jumamosi hii, siku ya uhuru wetu, babu zetu walipotangaziwa kutoka utumwani, ukoo mzima ukija, moto aliokuwa akiushika baba. Ninunue jiko jingine? Ninyamaze?

Mlala Moshini, Texas Mashariki

*

Ndugu Mlala Moshini,

Umejificha vizuri sana, kana kwamba mji huu una akina Ozella kumi.

Jiko lako halina kosa. Kosa ni hicho kikombe cha maji. Baba yako alinyunyizia magogo. Wewe unanyunyizia unga wa mbao ulioshindiliwa. Punje ikilowa inavimba, inarudi kuwa unga, parafujo inakwama, moto unakosa chakula. Umelilisha jiko uji, bwana!

Chomoa waya. Toa punje zote utupe. Fungua parafujo, ukwangue uji ulioganda humo kama saruji, uzoe na majivu kwenye kikombe cha moto. Mfuko mpya wa punje uutie kwenye ndoo yenye kifuniko, si barazani. Unyevu wa Juni wa huku unaharibu punje hata bila msaada wako. Liwashe tupu saa nzima. Ukitaka moshi zaidi, anza na moto mdogo. Na joto la nyama likigoma kupanda kwa muda wa saa tatu au nne, usiguse kitu, nyama inatoka jasho tu. Hapo sinzia, nakupa ruhusa.

Thurman acheke. Atakula.

Lakini kunyamaza, hapana. Shangazi amekupa moto wa kaka yake kwa kuamini jambo ambalo halikutokea, na ukiushika hivyo, kila sifa ya Jumamosi itakukwama kooni. Mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kisha mwombe aamue upya nani aushike. Akimpa Thurman, umbebee kuni bila kununa.

Na ufanye haraka. Ozella husoma ukurasa huu kabla hata ya matangazo ya vifo, na gazeti humfikia saa nne asubuhi. Nimemwomba msambazaji leo aanze na nyumba yako, ya shangazi iwe ya mwisho. Una mpaka saa sita mchana. Vaa viatu.