Bluu Katika Damu ya Chausiku

Jumatatu, 6 Machi 1911

Mvua tangu alfajiri. Milima haionekani kabisa. Dada yangu Mwaisha amefika hospitali kabla ya saa mbili, mtoto mgongoni — Chausiku, miaka saba, mzito kwa kubebwa. Homa siku ya tano. Dawa ya kwinini ameitapika mara tatu, ya mwisho kwenye viatu vya Bwana Daktari.

Basi Bwana Daktari ametaja dawa yake mpya. Rangi ya bluu! Ile ile ninayoipakaza kwenye vioo kila siku ili vijidudu vya homa vionekane kwa darubini. Safari hii kwa sindano, ndani ya mtu. Shemeji Pazi, baba wa mtoto, akasema hataki. Bwana Daktari yuko Morogoro mwaka wa nne, desturi zetu anazijua zikimfaa. Alimpa Pazi mgongo. Akanigeukia mimi: kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mwenye neno ni mjomba. Na mjomba ni wewe, Alois.

Nilisema ndiyo kabla dada hajakaa chini. Nilikuwa na koti langu jeupe, watu wote wananitazama. Nilijiona mtu.

Jumanne, 7 Machi

Homa imeshuka! Mkojo wa Chausiku umekuwa wa kijani, alicheka alipouona. Akaniamkia, shikamoo mjomba, akauliza kama machozi yake nayo yatatoka bluu. Nikamwambia alie kidogo tuone. Akakataa katakata.

Pazi ameketi barazani. Hanitazami. Nilimpitia mara mbili kwa makusudi, nikiwa na beseni la vioo, ili aone nani alikuwa na akili jana. Mungu anisamehe.

Jumatano, 8 Machi

Kuna jambo linanisumbua. Asubuhi nilijichoma kidole, nikagawa damu yangu kwenye vioo viwili. Cha kwanza sikutia rangi. Chembe nyekundu za damu zinafika penye povu la hewa, zinajikunja, zinajipenyeza, zikitoka upande wa pili ni duara tena. Chembe nyeupe moja inatambaa — inatoa mguu, inauvuta mwili. Ningeitazama mpaka adhuhuri.

Cha pili nikatia bluu. Nyeupe ya hapa ikasimama. Ikajikusanya, ikawa kidonge. Nyekundu zikafika penye povu zikagonga tu, ngumu kama kunde kavu, zikarundikana.

Nimerudia mara sita. Mara zote sita vile vile.

Miaka mitatu nafundishwa kwamba rangi ni taa, kazi yake kutuonyesha tu. Taa gani hii, inakausha kila inachokimulika? Na hayo yote tunayoyaandika vitabuni, tuliyaona yakiwa hai au tulikuwa tunatazama maiti? Nilimwambia Bwana Daktari. Akasema nimetia rangi nyingi mno, mwilini inazimuka. Huenda. Yeye ni daktari, mimi ni mwosha vioo.

Sindano ya pili Chausiku amepigwa mchana. Rangi nimeipima mimi.

Ijumaa, 10 Machi

Jana amepigwa sindano ya tatu. Homa hakuna. Lakini midomo ya mtoto imekuwa ya kijivu. Anahema kama aliyepanda mlima na mzigo, naye amelala tu. Macho manjano. Mkojo si wa kijani tena — mweusi kama kahawa.

Bwana Daktari anasema ni uchafu wa ugonjwa unatoka. Amefurahi, ameandika ukurasa mzima: vijidudu vimekwisha. Ni kweli vimekwisha, nimetazama mwenyewe. Vimekwisha pamoja na damu. Chembe zilizobaki ni chache, zimekakamaa, na baadhi zimepasuka kabisa.

Naogopa. Sijapata kuogopa hivi.

Jumamosi, 11 Machi

Leo hakupigwa sindano. Kesho atapigwa, tena maradufu.

Nilikwenda kwa Pazi kumwambia kesho nitakataa. Nilimkuta anatia mpini jembe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza mpini, akautazama kama umenyooka.

"Ulipokubali hukuniuliza, shemeji. Sasa unakataa, waniuliza nini?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenipiga. Akanikaribisha uji, nikaunywa wote kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Jumapili, 12 Machi

Misa sikwenda, na hii ni Kwaresima. Saa moja kamili nilisimama mlangoni kwa Bwana Daktari. Nikasema: mimi mjomba, leo nasema hapana, sindano basi. Nilidhani atanifukuza, au ataagiza nichapwe viboko. Nilikuwa tayari.

Aliendelea kufuta mikono. Kucha zake bluu. Ameshampiga mtoto sindano, tangu saa kumi na mbili, kwa mkono wake mwenyewe.

"Neno lako ninalo tangu Jumatatu, Alois. Nimeliandika."

Hata hakupandisha sauti.

Dada anaisugua miguu ya mtoto, baridi kama mawe ya mtoni. Hajanilaumu. Kaniomba kitu kimoja tu: "Kaka, wewe una kioo. Tazama, uniambie." Anaamini darubini kuliko nilivyowahi kuiamini mimi.

Nimemchoma Chausiku kidole. Hakushtuka. Tone jepesi, la kahawia. Sikulitia rangi, imo tayari damuni. Naandika huku natazama. Povu la hewa lipo, mahali pazuri kabisa. Chembe zinafika. Zinagonga. Zinasimama.

Dada yuko mlangoni anangoja. Natafuta moja tu inayojikunja — hata moja, nikamwambie. Nasogeza kioo. Kushoto hakuna. Nasogeza tena —