Mafuta ya Mbuzi wa Majabalini

Jumamosi, La Rochelle, mtaa wetu huku kusini mwa Afrika. Jua lipo ila halipashi joto. Moyo wangu hautulii.

Mume wangu Selemani ni mlinzi. Wiki iliyopita aliteleza kwenye ngazi kazini, akaumia kifundo cha mkono. Alirudi akisema kliniki wamemwambia apumzike tu. Tangu hapo anajipaka mafuta ya kwenye kichupa kisicho na lebo, eti ya mnyama wa milima ya Asia.

Siyaamini. Yananuka karafuu na shahamu ya kondoo.

Leo asubuhi niliacha cherehani, nikamfuata muuzaji wa mafuta hayo Marshalltown, katikati ya jiji, baba mmoja wa Bukavu. Alinionyesha picha kwenye simu: mnyama kama mbuzi, mweusi, ana manyoya ya shingoni kama farasi, kasimama ukingoni mwa jabali. Anaitwa serow.

“Mama, ile nyama ikivunjika mfupa inajilambaka tu, inapona,” aliniambia kwa Kiswahili cha kwao, ambako mnyama huitwa nyama.

Nikamuuliza nani aliyemwona akijilamba. Akageukia mteja mwingine.

Kwenye teksi nikatafuta mwenyewe. Mnyama yupo kweli, anaishi kwenye misitu na miteremko ya huko, na sehemu nyingi ni marufuku kumwinda. Basi ama tunauziwa uongo, ama kiumbe wa watu kauawa bure. Sikujua lipi ni afadhali.

Lakini kilichonikera zaidi ni Selemani. Mtu huyu huyu hanywi hata chai ya tangawizi bila kuuliza nani kaipika. Iweje aamini kichupa?

Nilipofika nyumbani nikamshika vidole. Vilikuwa baridi, vimevimba. Nikamfinya kidole kidogo, hakushtuka.

Nikamuuliza daktari alisema nini hasa.

“Zuwena, sikumwona daktari. Waliniuliza makaratasi ya ukaazi pale getini, wakanirudisha.”

Sikugomba. Nilimvisha koti, mkono mmoja nje, tukaenda kliniki nyingine. Mlangoni nilitangulia mimi, nimejiandaa kwa vita. Nesi akatazama mkono tu, akatupitisha. Mfupa umevunjika na umesogea. Wameunyoosha, wakamfunga plasta. Vidole huenda vikarudi, wanasema tusubiri.

Sasa amelala, nami namtazama. Alificha si kwa ubaya. Aliona aibu kufukuzwa kama mwizi, akaona bora mafuta kuliko kunieleza. Naelewa.

Ila kukikucha nitamuuliza jambo moja: ni milango mingapi mingine iliyomrudisha, akaja hapa akaniambia mambo ni shwari?